Mwaka 1988 makombe yote mawili yalikuwa Ngamiani, mbona hatuyasemi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee mpira wa Tanga, maana siku hizi ukisikiliza vipindi vya michezo redioni unaweza kudhani historia ya soka la nchi hii inaanzia Msimbazi kwa Simba na kuishia Jangwani kwa Yanga basi. Hawa madogo wanaokua sasa hivi, tena waliozaliwa hapahapa Tanga, ukiwaambia Coastal Union ishawahi kuwa bingwa wa Tanzania Bara wanabisha kabisa, mpaka watoe simu waanze kutafuta.

Jamani, mwaka 1988 Coastal alichukua ubingwa wa Bara. Na mwaka huohuo African Sports, Wana Kimanumanu, wakabeba ubingwa wa Muungano, ile ligi iliyokuwa inakutanisha timu za juu za Bara na za Zanzibar. Yaani makombe yote mawili makubwa yalikuwa kwetu, na sio kwetu kwa maana ya mkoa, hapana, yalikuwa mtaa mmoja tu wa Ngamiani, Coastal barabara ya 11 na Sports barabara ya 12, ukitoka klabu moja na kikombe cha kahawa mkononi unafika klabu nyingine bado ya moto. Simba na Yanga walikuwepo mwaka huo, walikuwa wazima, na walitazama tu.

Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule. Nyumbani baba Coastal, mjomba Sports, na wote tulikuwa tunalala nyumba moja, kwahiyo wiki ya mechi yao mama alikuwa anapata tabu kweli maana hao watu wawili hawasalimiani, kila mmoja anatengewa chakula chake, na ikifika jumamosi wanatoka kwa milango tofauti, mmoja mlango wa mbele mwingine wa uani. Matokeo yakitoka aliyefungwa anachelewa kurudi makusudi ili akute taa zimezimwa. Leo hii vijana wanaongelea dabi ya Kariakoo kama vile ndio dabi peke yake iliyowahi kutokea, sisi ile ya uwanja wetu wa Mkwakwani ilikuwa inagawa mpaka sufuria.

Na Mkwakwani yenyewe, dah. Watoto hatukuwa na hela ya kiingilio, ilikuwa unasimama karibu na geti unasubiri mtu mzima mwenye sura ya huruma unamwambia mjomba nishike mkono, anakushika, mlinzi anajua kabisa huyu sio mwanae na anamwachia. Ukikosa mjomba unabaki nje unasikiliza kelele, na ulikuwa unajua kabisa kelele ya goli la Coastal na kelele ya kosakosa, hazifanani, mpaka dakika za mwisho geti linafunguliwa mnaingia kwa fujo kuangalia zile dakika za lala salama. Ndani kuna kina mama na mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya kutoa machozi, kuna machungwa ya Muheza yameshamenywa yamepangwa kwenye beseni, unakata kichwa unanyonya unatupa ganda chini ya ngazi, na mapumziko yakifika jukwaa zima linanuka machungwa. Hiyo harufu mpaka leo kwangu mimi ndio mpira.

Timu ikisafiri ndio kazi, hapo ni redio. Tulikuwa tunazianika betri juani toka asubuhi ili jioni zipate nguvu tuisikie Radio Tanzania, Ahmed Jongo akishika kipaza sauti unauona mpira unatembea na wewe uko barazani. Kama mechi haitangazwi ndio mnasubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku, habari zote za dunia zinapita hakuna anayesikiliza, mnangoja michezo mwishoni, na mtu akikohoa anafukuzwa.

Wachezaji tulikuwa tunaishi nao, hili ndilo nataka vijana waelewe. Juma Mgunda, huyu kocha ambaye mwaka 2022 alikabidhiwa Simba akaipeleka makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, sisi tunamjua ni mtoto wa nyumbani, kacheza Coastal ya ubingwa ile. Razak Yusuf tulimwita Careca, yule mshambuliaji wa Brazil, kombe la dunia la Mexico 86 lilikuwa halijatutoka kichwani, basi kila mtoto mtaani akipiga chenga moja tu na yeye anajiita Careca. Hussein Mwakuruzo naye. Unakutana nao sokoni, unawaamkia shikamoo kaka wanakujibu, kesho yake ukiwaona uwanjani unajua kabisa unamshangilia nani.

Na haikuwa Tanga peke yake. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986 ilipanda daraja na msimu huohuo ikabeba kombe, Majimaji ya Songea, Pamba ya Mwanza, wote hao walikuwa wanazichukulia Simba na Yanga kama timu za kawaida tu. Timu nyingi za mikoani zilikuwa zinabebwa na mashirika ya umma, reli, bandari, viwanda, mchezaji ana ajira yake na nyumba yake hana haja ya kukimbilia Dar. Mashirika yalipoanza kufa na kuuzwa miaka ya tisini na timu zikafa nazo au zikabaki jina. Watu wanasema mikoani hakuna wapenda mpira, huo ni uongo, wapenzi tulikuwepo na tupo, kilichoondoka ni mshahara.

Kwetu maumivu makubwa yalikuwa 2016, Coastal, African Sports na Mgambo, timu zote tatu za Tanga, zimeshuka daraja msimu mmoja, mji ukabaki mtupu. Lakini Coastal ikarudi, na ile fainali ya kombe la shirikisho Arusha mwaka 2022, mshambuliaji wetu Sopu katupia magoli matatu dhidi ya Yanga, tatu tatu, tukatolewa kwa penalti, nililia machozi na sikuona aibu. Msimu wa 2023/24 tukamaliza wa nne tukaenda kucheza Afrika. Sports ndio bado roho inaniuma, klabu ya toka 1936 haistahili pale ilipo.

Ombi langu ni hili mhariri. Sijawahi kuona pale Mkwakwani ukuta wenye majina ya vikosi vile viwili vya 1988, na wazee wanaoyajua majina yote wanaondoka mmoja mmoja. Viongozi wa klabu zote mbili wakae waandike wakati wenyewe wapo. Na nyie gazeti mtupe kona hata mara moja kwa wiki kwa ajili ya picha za zamani, wenye picha wapo, zipo kwenye maalbamu chini ya vitanda Ngamiani, Chumbageni, Makorora, wazilete gazetini zichapwe na majina yake kamili, waliosimama kutoka kushoto na waliochuchumaa.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga