Mto Nyamwamba hauanzii darajani

Mhariri,

Wiki iliyopita katapila lilirudi mtoni Nyamwamba, darajani hapa Kasese mjini, magharibi mwa Uganda. Tulisimama ukingoni kulitazama likizamisha kijiko chake, likiinua mawe na kuyarundika kando. Kazi hii nimeiona si chini ya mara nne, na kila mvua za Machi hadi Mei zinapopita tunakuta kitako cha mto kimejaa tena.

Silaumu katapila. Bila hilo baadhi yetu tusingekuwa na nyumba. Ninachoomba, na ninaomba kwa uchungu, ni tuache kuushughulikia mto huu pale tu unapotufikia.

Mwezi Februari 2012 moto uliunguza uoto wa juu kabisa milimani Rwenzori, huko Nyamwamba unakochimbuka. Majani na kuvumwani ya kule hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Tarehe 1 Mei 2013 mto ulishuka ukiwa na mawe, magogo na matope, ukabomoa nyumba, ukaingia hospitali ya Kilembe. Watafiti waliochunguza gharika ile wanautaja moto huo miongoni mwa sababu zake, pamoja na maporomoko ya udongo yaliyotupa mawe mtoni. Sisi huku chini tulisema tu kwamba mvua ilizidi. Mei 2020 maji yakarudi, na safari hiyo haukuwa Nyamwamba peke yake; mito kadhaa ya wilaya yetu ilivunja kingo.

Nieleze kilichompata jirani yangu mmoja, mama wa watoto watano. Alikuwa na shamba la migomba bondeni. Gharika ya 2020 ililifunika. Ukienda pale leo utaona mawe matupu, na mgomba mmoja uliochipua katikati yake. Watoto lazima wale. Akakodi kipande mlimani, penye mteremko mkali, akafyeka miti, akapanda mihogo na maharage. Siku moja nilipanda naye kwenda kuvuna. Maji ya mvua yalikuwa yamechimba vijia katikati ya matuta, na mihogo mingine ilining'inia nje, udongo umekwisha chini yake. Udongo ule umekwenda wapi? Umeshuka mtoni, na mto umeuleta mjini, pale pale katapila linapochimba.

Mama huyu alifukuzwa bondeni na mafuriko, na sasa jembe lake linayasaidia mafuriko yajayo. Hana kosa. Ukimwambia apande miti atakuuliza wanawe watakula nini miti hiyo ikikua, na swali lake ni la haki. Wanaofikiri kwa mfumo mzima huanzia kwenye maswali kama hayo: hasara ya mwaka huu inamsukuma mtu kufanya nini, na hicho anachofanya kinamrudia nani mwaka ujao? Mpango wowote wa Nyamwamba usiomhesabu mama huyu, ukampa njia ya kula huku mteremko ukishika udongo wake, hautafika mbali. Kahawa yenye kivuli cha miti inaota vizuri milimani kwetu, na matuta ya kukinga maji tunajua kuyachimba. Kinachokosekana ni wa kumshika mkono miaka ile ya mwanzo, kabla kahawa haijazaa.

Kuna na mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofunguliwa 1956 na kusimama miaka ya 1980 ilipoanza. Marehemu baba alifanya kazi humo, na Kiswahili ninachoandika nilikipata kwake. Malundo ya mabaki ya mgodi bado yako kando ya mto, yana shaba na kobalti, na mto ukihama njia yake unayala. Maji hayo huishia Ziwa George, eneo oevu la kwanza la Uganda kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu, mwaka 1988. Wavuvi wa Hamukungu na Kahendero wanaishi kwa samaki wa ziwa hilo, na kutoka hapo maji hupita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, tunalogawana na ndugu zetu wa Kongo. Mvuvi hajawahi kuitwa kwenye kikao cha daraja letu. Angeitwa kwa sababu gani, watu wanadhani, wakati yeye yuko mbali?

Nisiwasahau vijana wanaopasua mawe ya mtoni wakiuza kokoto. Gharika imekuwa riziki yao. Ukiwafukuza kwa amri, watatafuta riziki mlimani. Ukiwalipa kufunga mawe hayo hayo kwenye nyavu za waya na kujenga kingo, umepata mafundi.

Leo hifadhi ya taifa ya Rwenzori ina mpango wake, manispaa wake, watu wa maafa wanafika baada ya mazishi, na kila mmoja ana bajeti yake. Wakonzo, wenyeji wa milima hii, wana desturi ya kila mgongo wa mlima kuwa na mzee wake, Isemalhambo, anayejua ardhi yake na vijito vyake. Wazee hao waitwe kwanza, kisha mama wa mteremkoni, wapasua mawe, wavuvi na wahandisi, wakae kikao kimoja kwa ajili ya mto mmoja. Na sehemu ya fedha za katapila itengwe kwa ajili ya miteremko kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai.

Kikao hicho kisifanyike hotelini. Kifanyike Kilembe, mahali ambapo wajumbe wote wanausikia mto.

Msomaji wako,
Kasese