Usijitoe kimyakimya

Ukonga, Dar es Salaam

Mwanangu Nakundwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu utanikatisha, na mimi nikikatishwa nasahau nilikuwa nafika wapi. Unauliza kama utanivunja moyo ukiacha kimyakimya kanisa letu la Waadventista Wasabato. Moyo wangu uweke pembeni kwanza.

Hoja yako naielewa. Mwanamke anahubiri kwenye mikutano ya makambi, anafundisha Shule ya Sabato, anarudisha zaka, anasomea theolojia akitaka, lakini ikifika siku ya kuwekewa mikono awe mchungaji, anaambiwa akae. Mimi pia sikubaliani na hilo. Unajua tangu uko sekondari, ulikuwa unatusikia na baba yako tukibishana mpaka ugali unapoa. Mambo ya hereni na suruali uliyoyaongeza mwishoni sitayagusa. Kila kanisa la mtaa lina bibi zake.

Ila mwanangu, unataka kuondoka kwa ajili ya kura ambayo umesimuliwa nusu. Julai 2015, kule San Antonio, Marekani, wajumbe wa Konferensi Kuu, yaani mkutano mkuu wa kanisa letu duniani, hawakuulizwa kama wanawake wawekewe mikono dunia nzima. Waliulizwa kama kila divisheni, yaani kanda kubwa ya kanisa, iruhusiwe kujiamulia katika eneo lake. Kura 1,381 zilisema hapana, 977 zikasema ndiyo. Maana yake divisheni yetu ya Afrika Mashariki na Kati ingeweza kubaki na utaratibu wake vilevile, na wenzetu wa mbali wakafanya wanavyoona wao. Hapo ndipo panaponiuma mimi. Kusema "sisi bado", hilo naweza kulivumilia. Kumkatalia jirani asipike nyumbani kwake kwa sababu mimi sina njaa, hilo nimeshindwa kulielewa mpaka leo. Na waliokuwa wakipiga kura wengi wao walikuwa wanaume, hilo nalo tuliseme.

Sasa rudi nyuma kidogo. Swali linalofanana na hilo lilipigiwa kura Utrecht, Uholanzi, mwaka 1995. Waliosema ndiyo walikuwa 673, waliokataa 1,481. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye mtu wa benki. Upande wetu ulikuwa chini ya theluthi moja, na miaka 20 baadaye ukapita mbili ya tano. Ukisema ni polepole mno sikubishii. Kuna mabinti waliozeeka wakisubiri. Lakini kura hizo hazikuongezwa na watu waliohama.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hukufundishwa kwenye Watafuta Njia, kile chama cha watoto wa kanisa, au walilipitia haraka. Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa letu, ambaye maandiko yake tunayanukuu kila Sabato, alipewa hati za mchungaji lakini hakuwahi kuwekewa mikono. Watu wa pande zote mbili wanalitumia hilo, kila mmoja anavyotaka. Linalonigusa zaidi ni la familia yake. Akina Harmon, kwao alikozaliwa, walikuwa Wamethodisti wa Portland, jimbo la Maine. Walipoyapokea mahubiri ya mhubiri William Miller kuhusu kurudi kwa Yesu, mchungaji wao aliwashauri wajitoe kimyakimya, waepuke aibu ya kuitwa mbele ya kikao. Wakakataa. Wakaenda, wakasema wanachoamini mbele ya watu, na mwaka 1843 wakafutwa ushirika. Kwa hiyo, Nakundwa, kanisa hili limetoka kwa watu waliokataa kuondoka kwa mlango wa nyuma. Wewe unataka kupitia mlango huohuo kwa sababu unaona aibu kumwangalia mzee wa kanisa usoni?

Sitakudanganya kwamba kukaa ukisema huzaa matunda kila mara. Mwaka 1888, kwenye mkutano mkuu wa kanisa huko Minneapolis, Marekani, wahubiri Jones na Waggoner, vijana bado, walisimama mbele ya viongozi wakubwa na fundisho la haki itokayo kwa imani, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa kumwamini Yesu. Ellen White akawaunga mkono, wakubwa wengi wakawanunia. Leo fundisho hilo linahubiriwa kila mahali kana kwamba halikuwahi kupingwa na mtu. Lakini wao wenyewe, njia zao na za uongozi zilikuja kutengana. Walichokisema kilibaki, wao hawakubaki. Inawezekana na wewe ikawa hivyo, sina namna ya kukuahidi tofauti.

Unasema umeshapata kanisa huko Kimara, mchungaji ni mama, na wanakupokea vizuri. Sina neno baya juu yake. Nakuomba tu umuulize swali moja, kwa adabu: hapo nani anapiga kura? Mchungaji akikosea, mshiriki anakwenda kulisemea wapi? Makanisa mengi ya siku hizi mwanamke anashika kipaza sauti bila shida, lakini jengo, hesabu za sadaka na neno la mwisho ni vya mwanzilishi. Kwetu nimeshindwa, ila najua nimeshindwa kwa kura ngapi, na najua kikao kinachofuata ni lini. Kama huko Kimara wana utaratibu mzuri kuliko wetu, niambie, nitafurahi kwa dhati.

Wengine watakushauri ubaki kwa sababu ya msiba. Nani atakuzika, nani atakuja na masufuria, nani atakesha. Achana nao. Baba mkubwa alipofariki hapa Ukonga, akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa, walikuja, ndiyo, lakini maji ya kunywa na turubai vililetwa na majirani Waislamu kabla mzee wa kanisa hajafika kutoka Gongo la Mboto. Usibaki kwa ajili ya pilau. Wala usibaki kwa ajili ya babu yako wa Suji, eti kwa kuwa wamishonari Ehlers na Enns walifika Upare mwaka 1903 na sisi tumekuwa Wasabato toka hapo. Babu mwenyewe aliacha mambo ya wazee wake alipobatizwa. Hawezi kukudai usichoamua mwenyewe.

Ninachotaka ujiulize ni hiki: hiyo Sabato yenyewe, bado unaiamini? Ijumaa jua likizama, unatulia kwa sababu umeamini au kwa sababu umezoea? Kama imani hiyo imekwisha, basi suala la wachungaji wanawake ni kisingizio, nenda, na mimi sitakushika mkono. Lakini kama bado unaiamini, unakwenda kuiishi wapi, peke yako chumbani Kimara, Jumapili ukiimba na wengine?

Mimi nimebaki. Katika darasa langu la Shule ya Sabato wakiniuliza, nasema nilivyo, na kuna wazee hawapendi. Siku nitakayoambiwa nifundishe kwamba Mungu ndiye asiyewataka wanawake madhabahuni, nitarudisha lesoni siku hiyohiyo. Mpaka sasa hakuna aliyenidai niseme uongo kwa kinywa changu, na huo ndio mpaka wangu. Wako unaweza kuwa karibu zaidi. Utafute mwenyewe.

Ukiamua kubaki, usibaki kwenye benchi la nyuma ukichati. Kamati ya uchaguzi ikikuita uwe mjumbe wa baraza, kubali. Ngazi zinapanda hivi: wajumbe wa Konferensi Kuu hutoka kwenye unioni, wajumbe wa unioni hutoka kwenye konferensi za maeneo, na wa konferensi hizo hutoka kwenye makanisa kama hili letu ambako vijana wenye akili hawaji vikaoni.

Ukiamua kuondoka, Mwongozo wa Kanisa unakutaka uandike. Karani hawezi kukufuta peke yake, jina lako litasomwa na washiriki watapiga kura, na mimi nitakuwa nimekaa pale. Eleza sababu yako yote, usiandike "sababu binafsi". Na uilete mwenyewe, Sabato asubuhi, umkabidhi karani mkononi. Mimi sitakubebea.

Mama yako