Muwasho sehemu za siri upimwe kabla ya dawa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalowatesa vijana wengi kimyakimya. Kijana akiwashwa sehemu za siri anakwenda duka la dawa, anasubiri wateja wengine waondoke, ananong'ona, anapewa nusu dozi ya antibayotiki kwenye kikaratasi. Hapimwi.

Muwasho peke yake hauthibitishi ugonjwa wa zinaa. Unaweza kuletwa na fangasi, sabuni yenye manukato, hata kunyoa. Antibayotiki haiui fangasi; kwa wanawake inaweza hata kuzidisha fangasi hao. Tena klamidia, ambayo ni ugonjwa wa zinaa, mara nyingi haina dalili yoyote, na kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa kadhaa tulizozizoea. Kumeza dawa ovyo ni mojawapo ya sababu.

Wizara ya Afya ihakikishe kila zahanati ina chumba cha faragha. Mtu akiulizwa "unaumwa nini?" mbele ya foleni, atajibu "kichwa". Hiyo si aibu yake, ni kosa letu.

Nanyi mnaotibiwa, nendeni na wenzi wenu, la sivyo mtaambukizana upya.

Msomaji,
Morogoro