Malalamiko kuhusu priamplifaya ya valvu isiyolingana na tangazo lake

Ngamiani,
Tanga.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: PRIAMPLIFAYA YENYE VALVU MBILI ZA 12AX7

Tunaomba turudishiwe fedha au tubadilishiwe chombo tulichonunua kwenu, priamplifaya ya valvu, yaani kifaa cha kuandaa sauti kabla haijaingia kwenye amplifaya. Tangazo lilisema kinafaa kwa amplifaya yoyote na kwa santuri pia. Hakifai kwa yote mawili, na vipimo vifuatavyo fundi wenu anaweza kuvirudia mezani kwake kwa mita ya kawaida.

Kubwa ni impidansi ya kutolea sauti, yaani ukinzani wa chombo chenyewe pale sauti inapotokea. Tuliingiza wimbi la 400 Hz, tukapata volti 2.0 kwenye tundu la kutolea bila mzigo wowote. Tulipounga hapo rezista ya kilo-omu 22, volti zikashuka hadi 0.73. Hesabu yake ni 22 mara (2.0 gawa kwa 0.73, toa 1), yaani takriban kilo-omu 38. Mfuniko ulipofunguliwa sababu ilionekana: sauti inatolewa moja kwa moja kwenye anodi (ncha chanya) ya valvu ya 12AX7 yenye rezista ya kilo-omu 100, na valvu hiyo yenyewe ina ukinzani wa ndani wa kilo-omu 62 hivi. Hakuna hatua ya kuisaidia inayotolea sauti kwenye kathodi (ncha hasi ya valvu), ambako impidansi ni ndogo.

Amplifaya nyingi za transista zina impidansi ya kuingizia ya kilo-omu 10 hadi 47. Kanuni ya mafundi ni kwamba impidansi ya kinachotoa isizidi sehemu ya kumi ya ile ya kinachopokea. Hapa ya kinachotoa inakaribia ya kinachopokea, au hata kuizidi! Valvu inadaiwa mkondo isio nao, kwa hiyo ngoma na besi zikija kwa nguvu zinakwaruza, hata volyumu ikiwa chini. Namba hiyo moja ingeandikwa kwenye tangazo, mnunuzi angejua kabla ya kulipa. Nyinyi mmeandika rangi ya kioo na uzito wa boksi.

Kwa simu tuliambiwa tuweke 12AU7, aina nyingine ya valvu, badala ya 12AX7. Ni kweli pini zinalingana na hita (waya wa kuipasha valvu moto) ni ileile, hivyo haitaungua. Lakini rezista ya kilo-omu 100 ilichaguliwa kwa ajili ya 12AX7. 12AU7 ikiwekwa hapo inapata mkondo mdogo mno kuliko inaoutaka. Ukuzaji utapungua, jambo ambalo si baya, maana CD pleya hutoa volti 2 na haihitaji kukuzwa mara 60. Ila impidansi itabaki juu kwa amplifaya ya kilo-omu 10. Huo si ushauri wa kumpa mteja.

Santuri hatutairefusha. Sindano ya sumaku hutoa milivolti 5 hivi, nayo inahitaji mzigo wa kilo-omu 47 na mzunguko wa kusahihisha wa RIAA (kanuni inayofuatwa katika kurekodi santuri), unaopandisha besi na kushusha sauti kali. Ndani ya chombo hiki mzunguko huo haumo. Mwenye santuri za zamani za Black Star, kikundi cha taarabu cha Tanga na hazina ya mji huu, atasikia sauti nyembamba na kali tupu.

Lipo pia la umeme. Transfoma imeandikwa 220 V. Siku ya kupima, umeme ulikuwa 238 V, na hita zikasoma 7.1 V badala ya 6.3 V. Kikomo kinachokubalika ni asilimia 10, yaani 6.9 V, kupita hapo, kathodi huchakaa mapema. Tiba ni rezista mbili za omu 0.68, wati 2, moja kwenye kila waya wa hita. Kwa mkondo wa ampea 0.6 zitapunguza volti 0.8. Kazi hiyo mlipaswa kuifanya nyinyi kabla ya kuuza, na sisi hatukuigusa ili dhamana isije ikakataliwa.

Tukibadilishiwa, tunataka priamplifaya inayotoa sauti kupitia kathodi, yenye impidansi isiyozidi kilo-omu 1, transfoma ya 230 V, na vipimo hivyo viandikwe kwenye risiti. Gharama ya kusafirisha boksi kutoka Tanga ni yenu. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14; likikosekana, barua hii na picha za vipimo vitapelekwa Tume ya Ushindani.

Wateja wenu,
Ngamiani, Tanga.