Ukija Kupima TSH Baada ya Wiki Mbili, Tutakuomba Usubiri

Wiki hii tena mteja ametoka hapa akisema maabara yetu inasumbua watu. Alianza dawa za tezi ya shingo iliyolegea, yaani isiyotoa homoni za kutosha, akarudi baada ya wiki mbili kupima TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, tukamshauri asubiri. Akaenda kulipia kwingine, TSH ikatoka bado iko juu, akaturudia na karatasi zote mbili akiuliza nani kamdanganya. Hakudanganywa na mtu. Amepima kabla ya wakati.

Tezi hutoa zaidi T4, homoni yenye nguvu ndogo. Inayofanya kazi hasa ni T3, na sehemu kubwa ya T3 haitoki shingoni: ini, figo na misuli huichukua T4 na kuiondolea chembe moja ya madini joto. T4 haiishi haraka mwilini, huchukua siku 7 hivi kupungua nusu. Ndiyo maana kidonge, ambacho ni T4 hiyo hiyo, humezwa mara moja tu kwa siku, na ndiyo maana kiwango chake huchelewa kutulia. TSH, inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, huchelewa zaidi. Tunapima wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa dozi.

Na kwa tezi iliyolegea, TSH ikiwa juu maana yake homoni za tezi yenyewe ni chache, ndiyo maana inaamriwa kwa nguvu zaidi. Mama mmoja wa Rombo alisoma "juu" akadhani zimezidi, akaacha dawa. Alirudi kavimba uso, sauti nzito, kajifunga kitenge na sweta juu, na joto la Moshi la Februari mnalijua.

Wengine huacha dawa miezi, kisha humeza mfululizo siku chache kabla ya kuja. T4 inatoka nzuri, TSH inabaki juu, nasi karatasi ya namna hiyo tunaitambua. Daktari asiyeambiwa ukweli anaweza kuongeza dozi, na dozi ikizidi moyo huenda mbio. Gharama ya hapo si ya kipimo kimoja tena.

Kuhusu bei, kwa wanaouliza kwa nini ni kubwa: kila asubuhi, kabla ya damu ya mteja wa kwanza, tunapitisha kontroli, sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, kwenye mashine. Zikitoka nje ya mipaka, hatutoi jibu la mtu yeyote mpaka tujue sababu. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, hukaa nyuzi 2 hadi 8, umeme uwepo usiwepo. FT4 inatafuta T4 ile isiyoshikana na protini, chini ya asilimia 1 ya yote iliyomo kwenye damu. Kazi hiyo haiwezi kulipiwa bei ya kipimo cha malaria.

Siku ya kupima njoo na pakiti ya dawa, kidonge cha asubuhi umeze ukishatolewa damu. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini) viache angalau siku 2 kabla, hupotosha majibu. Siku zote dawa ni kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, vikae mbali nayo saa 4.

Mjamzito hahusiki na kusubiri huku. Dada, ukijua tu una mimba nenda kwa daktari wako, kwa sababu mahitaji ya homoni hupanda mapema. Ukija kwetu, sampuli yako tunaitanguliza.