Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Mkoa wa Iringa: wapiganaji wa Mkwawa wasiitwe askari

Kamwene, Ndugu Afisa Utamaduni,

YAH: NENO "ASKARI" KWENYE VIBAO VYA KUMBUKUMBU

Tunaomba kila kibao cha Kiswahili kitakachoandikwa au kuandikwa upya Lugalo, Kalenga na Mlambalasi kilitumie neno hili pale tu linapostahili. Watu wa Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa wa Wahehe waitwe wapiganaji. Askari ni wale wa upande wa pili, wa jeshi la Wajerumani.

Kosa huanzia kwenye tafsiri. Wajerumani wa wakati ule waliwaandika Wahehe kama "Krieger", yaani wapiganaji, na Waafrika wa jeshi lao kama "Askari". Mfasiri mwenye haraka huweka "askari" pande zote mbili. Matokeo yake, anayesoma habari za mapigano ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891 anaambiwa kwamba askari waliwashinda askari, na hajui nani alikuwa wa nani.

Neno limetoka Kiarabu: askar ni jeshi, askari ni mtu wa jeshi. Wanaisimu wengi hulirudisha nyuma zaidi, hadi Kiajemi lashkar, shina lililowapa pia mabaharia wa Kihindi wa meli za Kizungu jina la laskari. Waturuki wana asker, Wamalesia wana askar. Huku kwetu lilikuwapo kabla ya Mjerumani. Sultani wa Zanzibar alikuwa na askari wake, na misafara ya bara ilikuwa na askari wa kushika bunduki na wapagazi wa kubeba mizigo. Tangu hapo limebeba maana ya ajira: ujira wa mwezi, silaha ya mwajiri, amri ya mwajiri. Ndiyo maana leo tuna askari polisi, askari magereza, askari kanzu na askari wa wanyamapori kule Ruaha, na mlinzi wa getini naye ni askari. Vijana wa kijiji wakiitwa kwa mbiu kukabili hatari, hakuna anayewaita askari. Watu wa Mkwawa waliitwa na mtwa wao, kuilinda nchi yao.

Wako watakaosema kuwaita askari ni kuwapa heshima. Sisi tunaona kinyume. Katika mwaka wa 1891, askari katika nchi hii alikuwa mtu wa jeshi la Wajerumani lililoundwa na Hermann von Wissmann. Mwaka 1889 Wissmann aliajiri Wasudani takriban 600 kule Misri, akaongeza watu kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Wasudani hao walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, ambavyo asili yake ni Kituruki. Ombasha ni onbaşı, yaani mkuu wa watu kumi. Shaush ni çavuş. Afande, tunayemsalimu mpaka leo pale kituoni, ni efendi, neno ambalo Waturuki nao walilipata kwa Wagiriki. Katika jeshi la Mjerumani lilikuwa cheo kamili cha ofisa Mwafrika.

Hapa pana mtego kwa anayenakili maandishi ya kale. "Ombascha" na "Schausch" vikitangulia jina la marehemu, ni rahisi kudhani ni sehemu ya jina lake. Ni vyeo. Viandikwe ombasha na shaush, na pembeni viwekwe koplo na sajini kwa makadirio tu, maana ngazi za jeshi lile na za jeshi la leo hazilingani sawasawa.

Rugaruga, wapiganaji wasio wa jeshi rasmi, nao wasichanganywe na askari. Walivuma wakati wa Mirambo wa Unyamwezi, na baadaye Wajerumani wakawatumia kama wasaidizi. Hawakuwa na sare wala mafunzo ya kikosi, na wengi walitegemea nyara. Aliyekuwa rugaruga aandikwe rugaruga. Wapagazi pia watajwe kwa jina lao. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, umewataja kama miguu na mikono ya jeshi, na kibao chetu kisipungue hapo.

Kisha sarufi. Askari halibadiliki katika wingi, kwa hiyo "Kaburi la askari" halisemi ni mmoja au ni ishirini. Kitenzi au kivumishi ndicho kitakachosema: "Kaburi la askari aliyeuawa", "Kaburi la askari waliouawa". Dawa isiwe "maaskari". Hiyo ni ya mazungumzo, haifai kuchongwa kwenye jiwe.

Msomaji wa kibao yuko juani, amesimama, kwa hiyo maneno 60 yanamtosha. Kwa Lugalo tunapendekeza haya:

"Hapa Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani. Kiongozi wake, Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi. Askari wake walikuwa Waafrika walioajiriwa, wakiwamo Wasudani. Mizigo ilibebwa na wapagazi."

Kalenga kibao kitaje tarehe 30 Oktoba 1894, siku ngome ya Mkwawa ilipotekwa na Wajerumani, na kieleze kwamba jina Iringa limetokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Mlambalasi, alipojiua Mkwawa tarehe 19 Julai 1898, neno askari litumike kwa waliokuwa wakimwinda tu.

Kabla ya fundi kuanza kuchonga, rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wazee wa Kalenga, nao waseme jina la Kihehe la wapiganaji wa mtwa. Jina hilo litangulie, Kiswahili kifuate. Tuko tayari kuja na rasimu zote tatu siku utakayotuita.

Wako katika kazi,
Walimu wa historia na waongoza wageni,
Iringa