YAH: MALALAMIKO KUHUSU SKRINI SITA ZILIZOANDIKWA "120" BILA KIPIMO

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mchapishaji wa fulana na nimekuwa mteja wenu kwa miaka minne. Mwezi uliopita niliagiza kwenu skrini sita za kuchapia, yaani fremu za alumini zenye wavu wa poliesta wa njano, nyuzi 120 kwa sentimita, mkazo usiopungua nyutoni 20 kwa sentimita. Niliandika hivyo hivyo kwenye oda, nakala nimeiambatanisha. Mlichoniletea ni wavu mweupe, na kwenye kila fremu kibandiko chenye tarakimu tatu: 120. Ni nyuzi 120 kwa sentimita au kwa inchi, kibandiko hakisemi.

Kazi iliyokuwa mezani ni picha ya mwalimu anayestaafu, rangi nne, fulana 40. Picha ya namna hiyo huchapwa kwa vitone, na filamu zangu, yaani karatasi angavu zenye picha kwa weusi, zilikuwa na mistari 55 ya vitone kwa inchi. Kwa kawaida wavu unatakiwa uwe na nyuzi kama mara tano ya mistari hiyo, yaani 275 hivi kwa inchi. Nyuzi 120 kwa sentimita ni sawa na 305 kwa inchi, ndiyo maana nikaziagiza.

Nilipoinua fremu ya kwanza dirishani niliona mwanga unapita kwa wingi kuliko nilivyozoea. Niliwapigia simu kabla sijagusa kitu kingine. Mhudumu wenu akanijibu kwamba ni rangi tu, wavu mweupe siku zote huonekana wazi zaidi ya wa njano. Nilimwamini, kwa kuwa kibandiko kilisema 120 na tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa imekaribia.

Nikaziandaa. Niliziosha kwa sabuni ya kuondolea mafuta pande zote mbili, nikasuuza mpaka maji yakatandaa kwenye wavu bila kujikunja, nikaziacha zikauke kabisa. Nilipaka emalsheni, dawa inayoganda kwa mwanga, upande wa fulana kwanza, kisha upande wa raba ya kusukumia wino, nikazilaza kwenye giza upande wa fulana ukiwa chini. Kesho yake nikaweka filamu, nikazipiga mwanga ili emalsheni isiyofunikwa na weusi igande, kisha nikaziosha ili iliyofunikwa itoke. Paji la uso na mashavu ya mwalimu vilibaki vizuri. Kwenye nywele na macho, mahali pa giza ambapo emalsheni hubaki vitone vidogo kabisa, vitone vyote vilifumuka na kwenda na maji. Nilikuwa nimeshika bomba na kuona picha inatoka mbele ya macho yangu.

Nilipowaandikia, mlinijibu kwa mistari miwili: skrini ilikuwa na mafuta, au mwanga haukutosha. Sikukataa, nikarudi kazini. Nilisafisha fremu mbili upya, nikafanya jaribio la mwanga kwa kufunika sehemu ya skrini na karatasi nyeusi hatua kwa hatua, muda tofauti kila hatua. Muda mfupi, vitone vidogo vya emalsheni vilioshwa. Muda mrefu, matundu madogo ya sehemu angavu za picha yakajaa na kuziba, maana uzi mweupe hutawanya mwanga pembeni mpaka chini ya kingo za filamu. Wavu wa njano hunywa sehemu kubwa ya mwanga huo, hata kama unataka muda mrefu zaidi. Hilo nalo lilikuwa kwenye oda yangu.

Hapo ndipo nilipochukua lenzi ya kukuzia na rula, nikalaza fremu juu ya meza yenye taa chini yake, nikaanza kuhesabu kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja. Katika sentimita moja nilipata nyuzi 48. Nikahesabu mahali pengine, 48. Fremu ya tatu, 47. Zidisheni 48 kwa 2.54, mtapata karibu 122. Kwa hiyo 120 yenu ni ya inchi, na yangu ilikuwa ya sentimita. Huo ni wavu wa kumwaga wino mzito kwenye maandishi makubwa, si wa sura ya mtu. Kitone kidogo cha emalsheni hakina uzi wa kukishika; kinaangukia ndani ya tundu.

Mkazo nao niliupima. Katikati nyutoni 14 kwa sentimita, karibu na pembe 11. Kwa kazi ya rangi nne wavu uliolegea hivyo huvutwa na raba, na rangi hazikutani mahali pake.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba mlinielekeza nitafute kosa mikononi mwangu, wakati mtu mmoja ghalani kwenu angeweza kuhesabu nyuzi kwa dakika tatu. Nilipoteza siku tano na kopo zima la emalsheni. Fulana zilichapwa na mwenzangu kwa skrini zake, zikafika siku moja baada ya sherehe. Mwalimu hakuvaa yake siku aliyopaswa kuivaa.

Naomba mambo haya:

Mchukue fremu zote sita kwa gharama yenu na mniletee nilichoagiza, kikiwa kimepimwa mkazo na kipimo kimeandikwa kwenye kila fremu. Mnilipe gharama ya emalsheni na filamu, risiti nimeziambatanisha. Na kila kibandiko mnachobandika kuanzia sasa kitaje nyuzi ni ngapi na ni kwa sentimita au kwa inchi. Wapo wanaoanza kazi hii bila lenzi na bila wa kuwauliza, nao watalaumu emalsheni yao hadi wakate tamaa.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Fremu moja nimeiacha kama ilivyo, na kibandiko chake, endapo mtapenda kutuma mtu aje ahesabu mwenyewe.

Wenu,

Mteja wenu, mchapishaji wa fulana